Matone ya steroidi kichwani: namna ya kutuliza mba inayowasha bila kuharibu ngozi

Mtu anafika kwenye dirisha la famasia yangu, anainamisha kichwa nikione, kisha anasema, "Dokta, nipe ile ya maji, ya matone." Jina halijui. Kaelekezwa na jirani, na jirani aliona nafuu usiku uleule. Sibishani naye, maana ni kweli. Kwenye rafu yangu hakuna kinachozima muwasho wa kichwa upesi kama steroidi ya maji. Shida ni kwamba dawa inayotuliza upesi namna hiyo haiachiki kirahisi. Muwasho ukirudi, mkono unakwenda kwenye chupa, na mwaka unakatika hivyo.

Maelezo haya ni ya mtu mzima mwenye mba iliyochachamaa kidogo: magamba, muwasho, labda mabaka machache. Mtoto nitamtaja, lakini kwa kukataza tu. Na mjamzito au anayenyonyesha asianze kabla ya kuuliza kliniki.

1. Hakikisha ni mba

Mba inayowasha, ambayo hospitalini huandikwa dematitisi ya seborea, hupenda sehemu zenye mafuta: utosini, kwenye mstari wa nywele juu ya paji, nyuma ya masikio, kwenye nyusi, pembeni mwa pua. Magamba huwa meupe na makavu, au ya manjano na yananata. Vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi utautafuta mpaka uchoke. Kinachoonekana zaidi ni mabaka yaliyopauka kuliko ngozi ya pembeni, mara nyingine yamejikunja nusu duara kwenye mstari wa nywele, na wengi hudhani wameungua na dawa ya nywele saluni.

Mchokozi ni kuvu wa jamii ya hamira, Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu na kula mafuta yake. Ngozi za wengine zinamvumilia, za wengine zinamkasirikia. Steroidi hutuliza hasira hiyo ya ngozi: hubana mishipa midogo ya damu na kupoza chembe za kinga. Kuvu mwenyewe haimuui. Shika hilo, kwa sababu mpango wote ulioko hapa chini unasimama juu yake.

Sasa yale yanayofanana na mba na siyo mba.

Linalonitia hofu kuliko yote ni mapunye. Tezi za mafuta za mtoto hulala tangu anapomaliza uchanga hadi balehe, kwa hiyo mba ya kweli kwa mtoto wa miaka sita ni nadra. Mtoto wa shule mwenye magamba kichwani, hasa kama nywele zimekatika mabaka na kuacha vidoti vyeusi, au ana mitoki nyuma ya shingo, mchukulie ana mapunye mpaka kliniki iseme vingine. Steroidi juu ya mapunye hufanya ubaya wa kimyakimya. Muwasho unapungua, duara linapoteza sura yake, mama anafurahi, na kuvu anaendelea kutambaa chini kwa chini, akiwa na nafasi ya kuhamia kwa wadogo zake wanaolala naye. Mapunye hutibiwa kwa dawa ya kunywa, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, na huandikwa na daktari. Matone yako yaache yawe yako.

Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayovuka mstari wa nywele, tena una mengine kwenye viwiko au magoti, na kucha zina vishimo vidogo kama zimechomwa sindano: hiyo inaelekea kuwa soriasisi. Nayo hutibiwa kwa steroidi, ila kwa mpango mwingine wa muda mrefu zaidi, unaosimamiwa na kliniki.

Kwa watu wa pwani naongeza swali la piko. Kama muwasho ulianza siku moja hadi tatu baada ya kupaka piko au rangi nyeusi ya nywele, na masikio au kope zimevimba, tuhumu rangi yenyewe. Nyingi zina PPD, kemikali maarufu kwa kuleta mzio mkali, na mzio huo ukishaingia hautoki. Hapo hutibu mba, unatibu rangi, na ukirudia kupaka utarudia kuvimba hata ukiwa na chupa kumi za matone.

Usaha, vidonda, maumivu makali au kovu linalong'aa lisiloota nywele tena si vya kutiliwa matone nyumbani. Na lipo jambo ambalo dirishani nalisema kwa sauti ya chini: mba iliyolipuka ghafla, nzito, ikashuka usoni na kifuani kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ni sababu ya kupima VVU. Huonekana zaidi kwa wenye virusi ambao hawajaanza dawa, na wakianza dawa za kufubaza virusi, ngozi nayo mara nyingi hupata unafuu.

2. Soma sanduku

Sandukuni majina huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta mwanzo wa neno. *Hydroc-* yenye 1% ni hidrokotisoni, dhaifu. *Betam-* ni betamethasoni valereti 0.1%, kali. *Momet-* ni mometasoni 0.1%, kali pia, hutiwa mara moja tu kwa siku. *Clobetasol* ni klobetasoli 0.05%, kali kupita zote; hili lisome hadi mwisho.

Usidanganywe na asilimia. Nimeshabishana na mteja aliyetaka 1% kwa sababu "ndiyo kubwa". Klobetasoli ya 0.05% inaiacha mbali sana hidrokotisoni ya 1%. Nguvu ya steroidi ya kupaka kwa muda mrefu imepangwa kwa kuangalia jinsi inavyoipausha ngozi inapobana mishipa ya damu, kipimo kilichoanzia kwa McKenzie na Stoughton mwaka 1962. Namba ya sandukuni inakuambia kiasi cha dawa kilichomo tu.

Kwa mba ndogo, hidrokotisoni ya maji ikipatikana, anza nayo. Isipopatikana, na mara nyingi haipatikani, betamethasoni au mometasoni kwa siku chache inatosha kabisa. Klobetasoli iache mpaka daktari aiandike. Hiyo ndiyo inayokutwa mara kwa mara ndani ya mkorogo, na anayejichubua uso kwa mkorogo huku akitia matone kichwani anajumlisha dawa ileile bila kujua.

Angalia pia imechanganywa na nini. Nyingi ya dawa hizi za maji zimeyeyushwa kwenye spiriti. Hukauka upesi na haziachi nywele zikinata, lakini ukiwa umejikuna hadi ngozi ikachubuka utaruka juu kwa mwasho, na nywele za kipilipili hukauka. Kama ngozi imechubuka, tafuta losheni au ya mafuta. Zipo zenye asidi ya salisiliki 2% ndani yake. Hizo zina faida pale magamba yanapokuwa mazito kiasi cha kuzuia dawa isifike chini. Krimu na marhamu zitaishia kwenye nywele. Zile tyubu zenye dawa tatu ndani, steroidi na ya kuvu na ya bakteria, huwa siziuzi kwa ajili ya kichwa hata nikibembelezwa.

Nunua kwenye famasia yenye kibali, chupa ikiwa na sanduku na karatasi yake ya maelezo. Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Kichupa kilichomiminiwa saluni, bila jina wala tarehe, kinaweza kuwa na chochote.

3. Andika tarehe ya mwisho kabla ya tone la kwanza

Chukua kalamu, andika kwenye chupa siku utakayoacha: siku 14 kuanzia leo. Hatua hii watu huicheka, na wanaoicheka ndio ninaowaona tena wakiwa na chunusi kwenye paji na ngozi iliyokonda nyuma ya masikio.

4. Osha kwa shampuu ya kuvu

Hii ndiyo tiba yenyewe. Matone ni msaidizi wake.

Shampuu ya ketokonazoli 2% hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Baadaye, mara moja kila wiki moja au mbili ili mba isirudi. Ukikosa ketokonazoli, ya seleniamu salfaidi au zinki pirithioni itakusogeza. Lowesha kichwa, paka shampuu kwenye ngozi wala si kwenye ncha za nywele, sugua kwa vidole bila kucha, kisha subiri dakika tano. Subiri kweli, hesabu kwa saa. Wengi huipaka na kuisuuza papo hapo kama sabuni ya kawaida, halafu wanasema haifanyi kazi.

Kwa nywele za kipilipili, kuosha mara mbili kwa wiki kunaweza kuzikata. Mara moja kwa wiki inakubalika. Paka kondishana kwenye nywele baadaye, ukiiepusha na ngozi. Magamba yakiwa yameganda, yalainishe saa moja kabla kwa mafuta ya madini, yale ya watoto yasiyo na rangi, uyachanue taratibu, ndipo uoshe. Mafuta ya mimea, ukiwamo mzeituni wetu tunaousifia kila siku, usiyaache kichwani usiku kucha wakati mba imechachamaa: asidi za mafuta zilizomo ndizo chakula cha Malassezia. Najua bibi hatakubali.

Umesuka? Ukweli ni kwamba huu si wakati wa rasta za miezi miwili. Fumua, tibu wiki mbili, kisha suka. Kama kuna harusi na haiwezekani, suka twende kilioni zenye njia pana zinazokuacha uione ngozi, maana shampuu na matone vyote vinahitaji njia. Dawa ya kunyoosha nywele na rangi ziahirishe mpaka ngozi itulie kabisa.

5. Tia matone kwenye ngozi

Fanya usiku, kichwa kikiwa kimekauka. Nawa mikono. Kaa mbele ya kioo, au mwombe mtu wa nyumbani akusaidie, maana kisogoni huoni na utabahatisha.

Tumia mkia wa kitana kupasua njia moja pale penye baka. Leta mdomo wa chupa karibu na ngozi, kandamiza kidogo, litoke tone moja. Lisambaze kwa ncha ya kidole bila kusugua kwa nguvu. Sogea upana wa kidole kimoja, pasua njia nyingine, tone jingine. Pasipo na magamba wala muwasho paruke. Hakuna faida ya kutia "kwa usalama" pale ambapo hapaumwi.

Kwa mabaka machache, matone kumi yanatosha kichwa chote. Chupa ya mililita 30 ikikuishia ndani ya wiki mbili, ujue sehemu kubwa ya dawa umewapa nywele.

Angalia lisitiririke. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walichapisha vipimo vya hidrokotisoni iliyopakwa sehemu mbalimbali za miili ya wanaume, wakilinganisha na kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja. Ngozi ya kichwa ilifyonza mara 3.5 zaidi ya kigasha, paji mara 6, na taya mara 13. Maana yake, tone linaloshuka kutoka mstari wa nywele hadi usoni linatoka sehemu inayofyonza kiasi na kuingia inayofyonza sana. Ndiyo sababu madhara mengi ninayoyaona ya dawa ya kichwa yapo usoni: vipele vidogo kuzunguka mdomo, chunusi kwenye paji, weupe wa mabaka. Weka kitambaa kwenye paji, inamisha kichwa nyuma ukitia mbele, na geuza upande ukitia karibu na sikio. Likishuka, futa mara moja. Likiingia jichoni, suuza kwa maji mengi. Steroidi inayofika machoni mara kwa mara inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho.

Ukimaliza, nawa mikono tena. Usilale mara moja. Ipe dawa dakika kumi na tano ikauke, la sivyo mto unaipata, na uso unaipata kutoka kwenye mto.

6. Moto na plastiki

Spiriti inashika moto. Wakati wa kutia na mpaka kichwa kikauke, kaa mbali na jiko, mshumaa, kibatari, sigara na mashine ya kukaushia nywele. Umeme ukikatika usije ukatia matone kwa mwanga wa mshumaa. Tumia tochi ya simu.

Kofia ya plastiki, mfuko, wigi la kubana au nywele za kushonea juu ya dawa mbichi huongeza ufyonzaji mara nyingi, na steroidi kali iliyofungiwa hivyo inaweza kuingia kwenye damu kiasi cha kuzubaisha tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili. Ushungi au mtandio wa pamba hauna neno, ila baada ya dawa kukauka. Vivyo hivyo helmeti kwa waendesha bodaboda. Kwa hawa naongeza kuosha kitambaa cha ndani kila wiki. Jasho la siku nzima kwenye sponji ileile ni karamu ya kuvu.

7. Punguza, kisha acha

Wiki ya kwanza tia kila usiku. Wiki ya pili, usiku kupisha usiku. Siku uliyoiandika ikifika, acha. Ukipata nafuu siku ya tano, acha siku ya tano. Hakuna dozi ya kumaliza kama ya antibayotiki, na hili huwa narudia mara mbili kwa sababu watu wamefundishwa vizuri kumaliza dozi. Shampuu endelea nayo.

Muwasho mdogo unaorudi siku chache baadaye usikurudishe kwenye chupa. Osha. Kinachotisha ni mtindo wa miezi kwa miezi: ngozi inakonda, vimishipa vinajitokeza, vinyweleo vinaota majipu madogo, rangi inapauka, na dawa inapunguza makali hata ukiongeza. Wachache waliotumia steroidi kali kwa muda mrefu hupata ngozi inayowaka na kuchonyota kila wakiacha, tena kuliko ugonjwa wa mwanzo. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa tahadhari rasmi juu ya hali hiyo. Kwa mtu wa wiki mbili, akifuata haya, hatari hiyo ni ndogo sana. Sitaki uogope chupa hadi ukae na muwasho usiolalika.

8. Wakati wa kufunga safari

Usisubiri siku 14 ukiona usaha, homa, uvimbe wa uso, mitoki, nywele kunyonyoka mabaka, au macho kuuma. Nenda pia kama wiki mbili zimeisha na hali iko vilevile, au umejikuta unahitaji raundi ya tatu ndani ya miezi sita. Kwa Tanzania si lazima ufikirie Dar es Salaam. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu wa ngozi, wakiwamo maofisa tabibu, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Uliza hospitali iliyo karibu nawe siku ya kliniki ya ngozi. Beba chupa, sanduku, na chochote kingine unachopaka, mkorogo ukiwamo. Hakuna atakayekucheka, na bila kuuona watakutibu kwa kubahatisha.

9. Chupa iliyobaki

Funga vizuri, weka mahali pakavu mbali na jua na mbali na watoto, na angalia karatasi inasema idumu muda gani baada ya kufunguliwa. Ikipita tarehe, irudishe famasia. Jirani akija kuomba matone kwa ajili ya mwanawe mwenye magamba, usimpe. Mpeleke yeye na mtoto kliniki. Akitaka kwa ajili yake mwenyewe, mwonyeshe kwanza chupa ya shampuu.